Ukurasa wa Mtandao Hushonwa kwa Mkono: Nasaha kwa Binti Anayeanza



Mwezi wa Rajab uliopita, mama mmoja wa mtaa wetu hapa Mombasa, mshonaji wa kanzu na mabuibui, aliamka akakuta duka lake la mtandaoni limetoweka. Wateja wake wa Lamu na Malindi walimpigia simu kumuuliza kama amefunga kazi. Kijana aliyemtengenezea ukurasa ule hakuwa akipatikana tena. Tulipolifuatilia jambo hilo pamoja naye, tulitambua lililotuhuzunisha: jina la tovuti lilisajiliwa kwa jina la kijana yule, si la mama mwenye biashara. Mwaka ulipokwisha, ada haikulipwa, na jina likafa. Mama alikuwa amenunua nyumba ambayo hati yake haikuwahi kufika mkononi mwake.

Ramadhani ilikuwa yakaribia, nayo ndiyo msimu wa mshonaji. Fedha za kumlipa fundi mwingine hazikuwapo. Binti yake, aliyekuwa nyumbani baada ya kumaliza kidato cha nne, akamwambia, "Mama, nipe ruhusa nijifunze mwenyewe." Mama hakumjibu siku ile. Alihofu, kama tunavyohofu wengi wetu, kwamba kompyuta ni mlango wa upuuzi, na kwamba kazi hiyo ni ya waliosomea vyuo vikuu. Hatimaye aliridhia kwa masharti mawili: kompyuta ikae sebuleni, na kazi za nyumbani zisilale.

Makala haya tunawaandikia mabinti kama huyo, na akina mama kama huyo.

Kwanza tuondoe hofu. Elimu hii haina lango lenye bawabu. Mwingereza Tim Berners-Lee aliibuni mwaka 1989, akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN kilichoko Geneva, na mwaka 1993 kituo hicho kikaiachia dunia nzima bila malipo. Wala misingi ya hesabu za kompyuta si migeni kwetu. Neno algorithimu latokana na jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni wa hesabu aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9.

Anayeanza hukutana na lugha tatu, na binti yule alizielewa kwa mfano wa cherehani ya mama yake. HTML ni kitambaa kilichokatwa: hueleza hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hii ni picha. CSS ni darizi na rangi: huamua ukubwa wa herufi, nafasi na mpangilio. JavaScript ni zipu na vifungo: hufanya kitu kifunguke kinapoguswa. Hakuna mshonaji atiaye darizi kabla ya kukata kitambaa. Kadhalika, anayeanza na ashike HTML kwanza, kisha CSS, na JavaScript aiache mpaka mkono uzoee. Ukurasa wa biashara ndogo waweza hata kufanya kazi bila ya hiyo ya tatu, kwani kiungo kimoja cha kumpeleka mteja kwenye WhatsApp chatosha kupokea oda.

Vifaa vyake ni vichache. Kompyuta kuukuu, programu ya kuandikia maandishi matupu na kivinjari vyatosha. Huandika, huhifadhi faili kwa jina la index.html, hulifungua katika kivinjari, akaona kazi yake papo hapo. Kazi hiyo haihitaji bando, kwa sababu faili limo ndani ya kompyuta yenyewe. Bando huhitajika kwa masomo, na masomo yenyewe yapo bure katika tovuti kama freeCodeCamp na MDN. Mengi yake yameandikwa kwa Kiingereza, kwa hivyo binti alijiwekea daftari: upande mmoja neno la msimbo, upande wa pili maana yake kwa Kiswahili.

Ama kuhusu namna ya kujifunza, twawanasihi mfuate njia ya ubao wa chuoni: mtoto huandika, husoma, hufuta, kisha huandika tena kwa kichwa. Mwenye kunakili msimbo wa wengine na kuubandika huona ukurasa mzuri, lakini siku ukiharibika hajui pa kushika. Saa moja kila siku baada ya Alfajiri, akili ikiwa safi, ni bora kuliko usiku mmoja mzima kwa wiki.

Makosa hayana budi kuja. Katikati ya Shaaban ukurasa ulikuwa tayari, na binti akaupandisha mtandaoni kupitia huduma isiyotoza malipo. Maandishi yalionekana, ila picha za kanzu hazikuonekana hata moja. Nyumbani zilikuwa zikionekana vyema. Siku tatu alihangaika, na mama akaanza kusema kwamba pengine ni heri kuacha. Siku ya nne alisoma msimbo wake neno kwa neno, akabaini kwamba ameandika kanzu.jpg ilhali picha yenyewe inaitwa Kanzu.JPG. Kompyuta ya nyumbani haikujali herufi kubwa na ndogo; kule mtandaoni, hayo ni majina mawili tofauti. Tangu hapo kila faili hulipa jina la herufi ndogo, lisilo na nafasi ndani yake.

Yapo mambo mengine matatu tuliyojifunza kwa kumtazama. La kwanza, wateja wetu wengi hutumia simu, basi ukurasa na ujaribiwe katika simu mapema, usingoje mwisho. La pili, picha ya simu yaweza kuwa na uzito wa megabaiti kadhaa. Ipunguzwe kabla ya kuwekwa, kwani kummalizia mteja bando lake si katika wema. La tatu litawafurahisha wenye kupenda hati ya Kiarabu: HTML ina agizo liitwalo dir, ambalo likipewa thamani ya rtl, maandishi huanzia kulia kwenda kushoto. Binti aliweka Bismillahi juu ya ukurasa kwa hati hiyo, ikakaa mahali pake barabara.

Jambo kubwa kuliko yote ni amana. Enyi mnaowalipa mafundi, hakikisheni kwamba jina la tovuti limesajiliwa kwa jina lenu na kwa barua pepe yenu, na kwamba nywila mnazo nyinyi. Nanyi mabinti mtakaofanya kazi hii kwa ujira, andikeni mapatano kabla ya kuanza: kazi gani, bei gani, ada ya kila mwaka italipwa na nani. Na mkiombwa kutengeneza kurasa za kamari au ulevi, mnajua la kujibu.

Binti alipomaliza, mama alisajili jina jipya kwa jina lake mwenyewe, akaiandika tarehe ya kulipia ada ndani ya mlango wa kabati la vitambaa. Hatutadai kwamba oda zilimiminika. Katika kumi la mwisho la Ramadhani zilikuja nne kupitia ukurasa ule, mbili kati yake zikitoka kwa wateja wa zamani waliodhani kazi imefungwa. Nne hazikutosha kuziba hasara yote, lakini zilitosha nguo za Idd za wadogo zake. Baada ya sikukuu, jirani muuza halua alibisha hodi akiuliza kama binti aweza kumtengenezea ukurasa na yeye. Mama ndiye aliyejibu: "Aweza. Lakini jina litasajiliwa kwa jina lako."

Basi mama mwenye binti nyumbani, ukimwona ameinamia kompyuta, keti naye kidogo umuulize anajenga nini. Nawe binti, usiuone msimbo ukaushtukia. Mama yako naye aliianza cherehani kwa mshono uliopinda, akaufumua, akaushona upya.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa na riziki ya halali. Amin.