Laptopu yako imezeeka: Uifufue au ununue nyingine?

Je, msomaji, nyumbani kwako mna laptopu ambayo ukishaiwasha unapata muda wa kuosha vyombo vyote vya chajio kabla haijakuonyesha chochote? Ikiwa ipo, usione haya. Ziko nyingi za aina hiyo katika mitaa yetu, na mojawapo ilikuwa kwangu hapa Mountain View.

Mashine hiyo, ambayo walimu wa Kiswahili hutaka tuiite kipakatalishi, niliinunua ikiwa mtumba, na uzembe wake nilikuwa nimekwisha kuuzoea. Aliyenilazimisha kuifikiria upya ni binti ya kaka yangu, anayekaa nami huku akisoma katika chuo kimoja upande wa Kabete. Jumapili moja usiku aliniita kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

"Shangazi, imezima tena. Na ripoti yangu iko ndani."

Ilikuwa ripoti ya mradi wake wa mwaka wa mwisho, kurasa zaidi ya 40, na alitakiwa kuiwasilisha siku ya Ijumaa. Hakuwa na nakala nyingine popote pale.

Bahati ikawa yetu, ikawaka mara ya tatu. Kabla ya kunywa hata funda la chai, tuliinakili ripoti kwenye flashi na nyingine tukaituma kwa baruapepe yake. Nawe anzia hapo, kabla hujaulizia bei ya kitu chochote. Diski inayokaribia kufa hutoa dalili. Hulia tik-tik, faili hukataa kufunguka, au mashine huganda katikati ya kazi. Ukingoja hadi ikate roho, kurejesha yaliyokuwa ndani kwaweza kukugharimu kuliko diski yenyewe, na hakuna fundi atakayekuahidi kuwa atafaulu.

Kesho yake kakangu alipiga simu. Kwake yeye shauri lilikuwa moja tu, itupwe inunuliwe nyingine. Nilimkumbusha kwamba karo ya muhula ilikuwa haijakamilika. Akanyamaza kidogo, kisha akasema niende nikaone mwenyewe.

Nilipanda matatu hapo Waiyaki Way, nikapita Kangemi na Westlands, nikashuka katikati ya jiji na kuelekea Luthuli Avenue, ambako karibu kila mlango unauza au kutengeneza kitu cha umeme. Katika duka la kwanza kijana hakuifungua mashine. Aliigusa tu kifuniko na kusema, "Mama, hii imeenda. Ongeza elfu ishirini na tano nikupe nyingine." Nusura nitoe pesa.

Fundi wa pili alikuwa mtu mzima asiye na haraka. Aliikalisha mezani, akatoa skrubu moja baada ya nyingine, akapuliza vumbi lililokuwa limejaa kwenye feni (nadhani nusu ya vumbi la Waiyaki Way lilikuwa limehamia humo), kisha akaniita nitazame. Diski ilikuwa ya zamani. RAM ilikuwa GB 4 tu, na kando yake palikuwa na nafasi ya pili iliyo tupu. Betri ilikuwa imechoka lakini haikuwa imefura. Betri iliyofura usiichaji tena hata mara moja, kwa kuwa inaweza kuwaka moto.

Nikueleze alivyonieleza. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na mkono mdogo unaosoma juu yake, mithili ya gramafoni na santuri. Kila unapofungua kitu, mkono huo hulazimika kukitafuta. Diski ya kisasa, ile waiitayo SSD, haina kitu chochote kinachozunguka, na ndiyo sababu mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuamka huweza kuamka kwa muda usiofika nusu dakika. RAM nayo ni kama meza ya jikoni. Ikiwa ndogo, utakuwa ukikimbia stoo kila mara kurudisha kitunguu ili upate pa kuweka nyanya. Kwa hiyo mara nyingi laptopu tunayoiita mzee haina uzee wowote kichwani. Inaumwa diski na ufinyu wa meza.

Hata hivyo, si kila laptopu inayokubali tiba hiyo. Zile nyembamba sana, zikiwemo MacBook Air zote, RAM yake imechomelewa moja kwa moja na haiongezwi. Uliza hilo kwanza. Tena, mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipanda duniani kote kwa sababu viwanda vilielekeza nguvu kwenye tarakilishi kubwa za akili bandia, hivyo RAM iliyotolewa katika mashine iliyokufa si kitu cha kudharau, mradi ijaribiwe mbele yako.

Sasa nafika mahali ambapo wazazi wengi wanapoteza pesa. Mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza Windows 10. Mashine yenye programu hiyo haikuzima siku hiyo, ila haipati tena viraka vya usalama, isipokuwa kwa aliyejiandikisha katika mpango wa nyongeza ambao kwa watumiaji wa nyumbani uliwekewa kikomo cha Oktoba 13, 2026. Windows 11 nayo inachagua. Inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa mashine za Intel inataka, kwa jumla, kizazi cha nane au baadaye, yaani zile zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2017.

Kizazi utakijua kwa kusoma nambari. Ikiandikwa i5-6300U, hicho ni kizazi cha sita. i5-8250U ni cha nane, na i5-1135G7 ni cha kumi na moja. Yangu ilikuwa ya sita.

Nilipolijua hilo nilirudi kwa yule kijana wa kwanza, kwa udadisi tu, nikamwomba niione ile ya kuongezea elfu ishirini na tano. Nilisoma nambari. Ilikuwa ya kizazi cha sita! Ilikuwa imepakwa rangi ikang'aa, na Windows 11 ilikuwa imewekwa ndani. Jambo hilo linawezekana, kwani mafundi wanajua kuuzunguka ukaguzi, lakini Microsoft haiahidi kuwa mashine kama hiyo itaendelea kupata viraka. Ningetoa mzee wangu nikarudi na mzee mwenzake. Kumbuka kuwa mitumba mingi hutoka katika ofisi za Ulaya na Marekani, na ofisi hizo zina sababu ya kuziondoa mashine ambazo Windows 11 inazikataa.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Fundi aliitisha Sh4,000 kwa diski mpya ya GB 256, Sh4,500 kwa RAM ya GB 8, na Sh4,000 kwa betri. Mtumba wa kizazi cha nane ulio katika hali nzuri niliitishwa Sh33,000. Kanuni yangu ni kwamba matengenezo yakipita nusu ya bei ya mashine nzuri zaidi, usitengeneze. Hapa hayakufika. Nililipa Sh8,500 kwa diski na RAM, betri nikaiacha ingoje, na badala ya Windows tukaweka Linux Mint, ambayo ni ya bure na bado inatunzwa.

Sitakuficha kuwa binti alinung'unika. Ripoti aliyoiandika upya kwa LibreOffice ilipofunguliwa katika Word ya mwenzake, majedwali yalikuwa yamehama. Alilazimika kuiwasilisha kwa PDF. Lau angekuwa anasoma uchoraji wa majengo na kutumia AutoCAD, ambayo haina toleo la Linux, ningemwambia babake wazi kuwa hakuna njia ila kununua. Vivyo hivyo ikiwa bodi kuu imeungua au imemwagikiwa chai, au ikiwa ni kioo, bawaba na betri kwa pamoja. Kakangu mwenyewe, mwenye kuhubiri kutupa, ana laptopu ya RAM GB 2 iliyofungwa bawaba kwa waya, nayo ndiyo anawekea hesabu za duka lake. Huyo nilimshauri anunue mwezi huo huo, naye ndiye hataki!

Ukiamua kununua mtumba, kaa nao dukani nusu saa bila kuona haya. Bonyeza kila herufi ya kibodi, washa kamera, unganisha intaneti. Mwambie muuzaji aandike powercfg /batteryreport. Itatokea taarifa ya betri yenye uwezo iliyozaliwa nao na uwezo iliyobaki nao, na ukiona umebaki nusu, punguza bei. Dai risiti yenye nambari ya mashine, kwa maana laptopu za wizi zipo, na mwenye mali akitokea nayo mkononi mwako utakuwa na maelezo marefu ya kutoa. Dhamana nayo iandikwe, isiwe ya mdomo.

Ile iliyokufa kabisa usiitupe jaani pamoja na maganda ya viazi. Hapa Nairobi kuna WEEE Centre, kituo kinachopokea taka za vifaa vya umeme.

Nilipokuwa nikilipa, fundi aliitia diski ya zamani ndani ya bahasha na kunirudishia bila kuombwa. Wewe huenda ukalazimika kuidai. Yangu ina picha za harusi ya dada yangu, barua za kuombea kazi na taarifa za benki za miaka sita, nayo sasa imo katika droo ya kabati langu.