Moto Nao Huvuta Pumzi

Olmotonyi ni mahali pa baridi, kwa kuwa pako katika mitelemko ya Mlima Meru, penye misitu. Mwezi wa Juni na wa Julai baridi huzidi, na watu wengine huingiza jiko la makaa katika chumba cha kulala. Kisha hufunga mlango na madirisha, hata kuziba nyufa kwa matambara, upepo usipite. Husema, "Makaa yamekolea, wala hayana moshi, tulale." Jambo hili limeua watu wengi.

Sababu ni nini? Washa mshumaa, uufunike kwa bilauri. Mwali utafifia, kisha utazimika, maana moto huishi kwa hewa kama tuishivyo sisi. Katika mafungu 100 ya hewa, mafungu 21 hivi ni oksijeni, nayo hutakiwa na moto na mapafu pia. Makaa yaunguapo hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, nayo huzidi kila oksijeni ipunguapo. Sumu hii haina rangi wala harufu, ndiyo sababu huwadanganya hata watu wenye akili. Ikiingia katika damu hushikamana nayo kwa nguvu zipitazo za oksijeni mara 200 na zaidi. Kichwa huuma, moyo huchafuka, miguu hulegea. Aliyelala hasikii lo lote.

Labda utauliza, "Mbona wazee wetu walilala karibu na moto?" Nyumba zao ziliezekwa kwa nyasi, na hewa ilipenya. Nyumba ya saruji yenye vioo haipitishi hewa namna ile.

Basi jiko la makaa litolewe nje kabla ya kulala. Dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi. Atumiaye gesi naye ahakikishe kwamba chumba kina matundu mawili yasiyozibwa kamwe: moja chini, hewa safi iingie, na moja juu, kwa maana hewa yenye joto hupanda. Tundu la chini lina kazi nyingine: gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama sakafuni. Tazama mwali pia. Wa buluu ni mwema, bali wa manjano waonya kwamba hewa ni chache au jiko ni chafu.

Ukikuta watu wamezimia katika chumba cha namna hiyo, fungua mlango wazi, uwaburute nje upesi, wala usikawie ndani. Kisha wapelekwe hospitali, hata wakiamka na kusema kwamba ni wazima.