Je, Wajua? Mota Ndogo Ikigoma

Je, wajua kwamba gari la rimoti likigoma, mota inafaa iwe ya mwisho kushukiwa? Anza na springi za betri. Betri iliyovuja huacha unga mweupe au kutu ya kijani, na umeme haupiti hapo. Kisha vuta taratibu nyaya zilizochomelewa kwenye miguu ya mota, maana nyingi hukatikia ndani ya plastiki zikionekana nzima. Mwishowe, igusishe mota yenyewe na betri mbili za volti 1.5. Ikizunguka, mwache mgonjwa huyo apumzike, tafuta kosa kwingine.

Je, wajua mota hiyo ni ndugu ya zile za magari madogo ya mashindano, yale yanayokimbia kwa kufuata mfereji ulio katikati ya njia? Mwingereza Fred Francis aliyazindua ya chapa ya Scalextric mwaka 1957. Huko Japani, Kenichi Mabuchi alikuwa amekwisha kubuni mota yake ndogo ya sumaku mwaka 1946, na kampuni yenye jina lake ikaja kuzisambaza dunia nzima. Umbo la kawaida leo ni hili: sumaku mbili, amecha (sehemu inayozunguka) yenye koili tatu, kaboni au vibati viwili vya kuipelekea umeme. Ukijua kukagua moja, utaikagua hata iliyotolewa kwenye tepu kuukuu pale Kitengela, Kajiado.

Kwa nini koili tatu, si mbili? Zikiwa mbili, kuna mahali amecha inaweza kusimama ikakosa nguvu ya kuanza. Tatu huiwezesha kuanza popote. Basi ukiona mota inayongoja kusukumwa kwa kidole ndipo izunguke, shuku kwamba koili moja imekatika.

Na kuthibitisha ni rahisi. Fungua mota, weka mita kwenye kipimo cha chini kabisa cha ohmu, pima vipande vitatu vya shaba vilivyo kwenye shafti, viwili viwili. Majibu matatu yalingane. Koili moja ikiwa imekatika, jibu moja litakuwa maradufu ya yale mengine mawili. Kisha pima kutoka shaba hadi shafti: hapo umeme usipite hata kidogo.

Je, wajua unaweza kupima mota bila mita wala betri? Unganisha miguu yake miwili kwa kipande cha waya, halafu zungusha shafti kwa vidole. Mota nzima itakuwa nzito. Toa waya, itakuwa nyepesi. Sababu ni kwamba mota ikizungushwa huzalisha umeme, na umeme huo ukipata njia ya kurudi hugeuka breki. Ikibaki nyepesi hata ukiunganisha, umeme haufiki kwenye koili: kaboni zimeisha, zimenata au waya umekatika. Ikiwa nzito hata bila waya, na bushi zinazoshika shafti ni safi, koili zimegusana ndani. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hata mtoto wa shule akiwa na waya wa inchi mbili anakiweza. Kanuni hiyo hiyo ya kuzungusha ili kupata umeme inafanya kazi kwa ukubwa mwingine hapa hapa Kajiado: kwenye Vilima vya Ngong, ambako mitambo ya kwanza ya upepo ilisimamishwa mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji, na kule Kipeto, yenye mitambo 60 na uwezo wa megawati 100.

Je, wajua sumaku ikichoka, mota huongeza mbio? Ndiyo, ikiwa haina mzigo. Wengi hufurahi kuisikia ikilia kwa kasi mezani, lakini ukiirudisha kwenye gari inakosa nguvu, inakula betri na kupata joto. Kasi ya mezani isikudanganye.

Mota hula umeme mwingi zaidi ikiwa imekwama. Gari lililonaswa chini ya kiti huku kidole cha mtoto kikiwa bado kwenye rimoti linaweza kuunguza koili baada ya muda mfupi. Nusa: harufu ya vanishi iliyoungua haidanganyi.

Je, wajua adui mkubwa wa mota Kitengela ni nini? Watu watataja vumbi, na kweli linaingia kwenye bushi na kuzisaga. Ila baya zaidi ni unga wa chuma. Kando ya barabara ya Namanga mageti na madirisha yanachomelewa na kusagwa kwa grainda mchana kutwa, na sumaku haiachi chembe ipite. Usifungue mota karibu na karakana ya namna hiyo. Chembe zikishaingia, zitoe kwa kubandika na kubandua utepe wa gundi. Kupuliza kwa mdomo huongeza unyevu tu.

Mafuta? Tone moja kwenye kila bushi, kwa ncha ya sindano. Yakifika kwenye kaboni yanachanganyika na masizi yake na kuwa uji unaoziba nafasi kati ya vipande vya shaba, na cheche zinaanza. Safisha nafasi hizo kwa kijiti cha meno.

Na je, wajua mashine nyingi za kinyozi za kuchomeka ukutani hazina mota inayozunguka? Ndani mna koili inayovuta mkono wa chuma na kuuachia. Kwa umeme wetu wa hezi 50, wembe huenda na kurudi mara 100 kila sekunde. Ikianza kunguruma, zungusha taratibu skrubu iliyo ubavuni mpaka itulie. Kaboni usizitafute, hamna.