Mbu wa malaria anayependa mapipa ya maji

Wazazi wengi wa mjini huamini malaria ni ugonjwa wa shamba. Imani hiyo ina msingi. Mbu wa malaria waliozoeleka Afrika hutaga zaidi kwenye madimbwi ya mvua na mashamba ya mpunga, na mji unapojaa nyumba, mazalia hayo hupungua.

Lakini binadamu akibadilisha mazingira, viumbe nao hutafuta njia ya kuishi. Mbu mmoja ameupenda mji kuliko wenzake. Wataalamu humwita Anopheles stephensi. Asili yake ni Asia ya Kusini na nchi za Ghuba. Barani Afrika aligunduliwa kwanza Djibouti mwaka 2012, kisha Ethiopia mwaka 2016, na mwaka 2022 akapatikana kaskazini mwa Kenya.

Djibouti ilikuwa imekaribia kuiaga malaria: mwaka 2012 iliripoti wagonjwa 27 tu. Mwaka 2020 walizidi 73,000, na mbu huyu anatajwa kuwa miongoni mwa sababu kubwa.

Hatari yake iko katika tabia zake. Huvumilia joto kali, na hutaga kwenye maji ya matumizi ya nyumbani: mapipa, matenki, ndoo na visima. Ukame ukizidi na bomba likikauka, familia huweka akiba ya maji, na akiba hiyo ndiyo zalio lake. Ndiyo maana mwaka 2022 malaria ililipuka katika mji wa Dire Dawa, Ethiopia, wakati wa kiangazi. Joto nalo huongeza tatizo, kwa kuwa vimelea vya malaria hukomaa haraka zaidi ndani ya mbu hali ya hewa inapokuwa na joto.

Mzazi afanye nini? Maji lazima yawekwe, ila yawekwe vizuri. Funika kila chombo kwa mfuniko unaobana, au funga kitambaa kizito mdomoni mwa pipa. Mara moja kwa wiki, mwaga maji yaliyobaki chini, sugua kuta za ndani, kisha jaza upya. Yai huchukua wiki moja hadi mbili kuwa mbu, kwa hiyo usafi wa kila wiki humwahi kabla hajaruka. Usafi huohuo hupunguza pia mbu wa homa ya dengue.

Washirikishe watoto, maana macho yao ni makali. Waonyeshe viluwiluwi: vya mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji, vya mbu wengine huning'inia kichwa chini.

Chandarua kiendelee kutumika, ingawa mbu huyu huuma pia nje, hata jioni kabla watoto hawajalala. Na mtoto akipata homa, usiseme "hapa mjini hakuna malaria". Mpeleke akapimwe siku hiyohiyo, hata kama mvua haijanyesha kwa miezi.