Shule Inayolea: Tabia na Matumaini katika Shule za Msingi za New Haven

Kila mfumo wa elimu ya msingi hudai kwamba kazi yake si kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu tu, bali pia kulea. Nchini Tanzania dai hilo limewahi kupewa somo lake, yaani Uraia na Maadili, na nchini Kenya mtaala wa umilisi, ambao mwongozo wake ulitolewa mwaka 2017, umeyataja maadili ya msingi kuwa pamoja na upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo na uadilifu. Ni nadra kumpata mzazi anayeyapinga maadili ya namna hiyo, na kwa hiyo ugumu hauko katika kuyaorodhesha, bali katika kuyafanya yawe mwenendo wa mtoto wa miaka saba au kumi. Jibu mojawapo, lililofanyiwa majaribio kwa miongo kadhaa katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut nchini Marekani, ni kwamba tabia na matumaini ya wanafunzi hutegemea kwanza jinsi watu wazima wa shule wanavyoishi na kufanya kazi pamoja.

Mwanzilishi wa kazi hiyo ni James Comer, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto katika Chuo Kikuu cha Yale, aliyezaliwa mwaka 1934 katika familia ya Wamarekani weusi huko East Chicago, Indiana. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, na mama yake, ambaye mwenyewe alisoma kwa muda mfupi sana, alikuwa mtumishi wa nyumbani, lakini watoto wao watano walijipatia jumla ya shahada 13. Wenzake watatu wa utotoni, ambao kwa maoni yake hawakupungukiwa na akili, waliharibikiwa ukubwani, na tofauti hiyo ndiyo iliyomfanya atafute ni kitu gani nyumbani kwao kilichomwezesha yeye kunufaika na shule, na iwapo shule yenyewe ingeweza kukitoa kwa mtoto aliyekikosa.

Mwaka 1968 Yale na mamlaka ya elimu ya New Haven walianza mradi katika shule mbili za msingi, ambazo karibu wanafunzi wake wote walikuwa weusi na wengi walitoka katika familia maskini. Shule hizo zilikuwa mkiani mwa mji katika mitihani, utoro ulikuwa mwingi, walimu walikuwa wamekata tamaa na wazazi hawakuwa na imani nao. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa vurugu, na wazazi walifikia hatua ya kupinga hadharani yaliyokuwa yakiendelea. Kutokana na hali hiyo Comer na wenzake waliona kwamba tatizo halikuwa watoto wabaya, wala walimu wabaya, bali watu waliokuwa wakilaumiana bila kuwa na chombo cha kuwakutanisha.

Msingi wa nadharia yao ni kwamba mtoto huyapokea maadili kupitia mtu aliyeshikamana naye kwa mapenzi na imani, kwa sababu humwiga yule anayetaka kumpendeza. Methali isemayo mtoto umleavyo ndivyo akuavyo inaelekea upande huohuo, kwani humtazama mlezi kabla ya kumtazama mtoto. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, mtoto anayefika shuleni bila kuzoea kusubiri zamu, kuketi kwa utulivu au kueleza hasira yake kwa maneno hana tabia mbovu, bali hajakamilisha hatua fulani za makuzi, na adhabu peke yake haiwezi kumfundisha jambo ambalo hajawahi kuonyeshwa.

Ili fikra hiyo iwe utaratibu wa kila siku, kila shule iliunda vyombo vitatu. Cha kwanza kilikuwa kamati ya mipango na uendeshaji, iliyoongozwa na mwalimu mkuu na kuwajumuisha walimu, wazazi na wafanyakazi wengine, ambayo ilipanga malengo ya masomo pamoja na hali ya mahusiano shuleni. Cha pili kilikuwa timu ya afya ya akili, yenye wataalamu kama mwanasaikolojia na ofisa wa ustawi wa jamii, ambayo haikungoja mtoto aharibikiwe ndipo imtibu, bali ilichunguza ni taratibu gani za shule zilizozalisha matatizo. Cha tatu kilikuwa mpango wa wazazi, uliowapa nafasi ya kusaidia madarasani, kuandaa shughuli za shule na kuchagua wawakilishi wao. Vyombo hivyo vilifuata kanuni tatu: kutolaumiana, ili nguvu zielekezwe kwenye ufumbuzi; kuamua kwa maafikiano badala ya kura, ili pasiwe na upande ulioshindwa; na kushirikiana bila kumfunga mikono mwalimu mkuu.

Mfano mmoja alioueleza Comer unaonyesha utaratibu huo ulivyofanya kazi. Mvulana wa miaka minane, aliyehamia New Haven kutoka kijijini katika jimbo la North Carolina, aliingizwa katika darasa geni bila maandalizi, akaogopa, akampiga mwalimu teke na kukimbia. Katika shule ya kawaida kisa hicho kingeishia kwenye adhabu, lakini timu ilijiuliza mtoto wa umri huo huhisi nini anapoondolewa ghafla katika mazingira aliyoyazoea, na shule ikaweka utaratibu wa kuwakaribisha wanafunzi wageni. Vilevile, kwa kuwa uhusiano wa kuaminiana huchukua muda kujengeka, wanafunzi walianza kukaa na mwalimu mmoja kwa miaka miwili mfululizo.

Matumaini nayo yalihitaji kujengewa mazoezi. Mwanasaikolojia Charles Richard Snyder wa Chuo Kikuu cha Kansas, katika nadharia aliyoichapisha na wenzake mwaka 1991, alieleza kwamba matumaini si kungojea mema tu, bali ni muungano wa mambo mawili, yaani nia ya kulifikia lengo na uwezo wa kuziona njia za kulifikia, hata njia ya kwanza inapoziba. Kabla nadharia hiyo haijatolewa, shule za New Haven zilikwisha kuanza, katika miaka ya 1970, mtaala wa stadi za kijamii uliogusa siasa na serikali, biashara na uchumi, afya na lishe, pamoja na mambo ya kiroho na burudani. Wanafunzi waliwaandikia wagombea umeya barua za mwaliko na kuwapokea kama wenyeji, hivyo wakajifunza kuandika, kuongea kwa adabu na kuiona njia ya kuingia katika maisha ya mji ambao wazazi wao wengi walihisi si wao.

Kufikia mwaka 1984 wanafunzi wa darasa la nne katika shule mbili za mradi walishika nafasi ya tatu na ya nne mjini katika mtihani sanifu, ingawa hali ya kipato ya familia zao haikuwa imebadilika. Hata hivyo, mafanikio hayo hayakujirudia kila mahali mpango huo ulipopelekwa. Tathmini zilizoongozwa na mtafiti Thomas Cook hazikuona manufaa kwa wanafunzi katika wilaya ya Prince George's, Maryland, ambako mpango haukutekelezwa kikamilifu, lakini ziliona maendeleo kiasi katika masomo na mwenendo huko Chicago. Tena, utafiti wa serikali ya Marekani uliotolewa mwaka 2010, uliopima programu saba za kujenga tabia katika shule za msingi 84, haukupata kwa ujumla athari ya maana kwa wanafunzi.

Matokeo hayo hayathibitishi kwamba tabia haifundishiki, ila yanaonya kwamba programu inayoongezwa juu ya shule isiyobadilika haitarajiwi kuzaa mengi. Shule inayotaka kulea watoto wenye heshima na matumaini haina budi kuanza kwa kukagua mambo yaliyo chini ya uwezo wake: jinsi mgeni anavyopokelewa, jinsi kosa linavyochunguzwa kabla ya kuadhibiwa, jinsi mzazi asiyesoma anavyosikilizwa katika kikao, na jinsi walimu wanavyozungumza wao kwa wao mbele ya wanafunzi. Mengi ya mambo hayo hayahitaji fedha nyingi, lakini yanahitaji muda na uongozi usiobadilika kila mara, kwani hata New Haven matunda yalichukua zaidi ya miaka kumi kuonekana.