Amplifaya ya Hatua Nyingi na Gharama ya Ukuzaji

Kazi ya amplifaya ni kupokea wimbi dogo la umeme, mathalani milivolti 1 itokayo kwenye maikrofoni, na kulikuza mara 1,000 hadi lifikie volti 1. Lakini ukuzaji huo hulipiwa kwa upana wa masafa, yaani eneo la mitetemo, kuanzia mizito hadi myembamba, inayopita bila kudhoofika sana. Mpaka wa eneo hilo huwekwa pale volti inayotoka inaposhuka hadi asilimia 71 ya kiwango chake cha kawaida.

Kiini cha gharama hii kimo ndani ya transista yenyewe, kifaa kinachofanya ukuzaji, kwani baina ya miguu yake miwili, besi na kolekta, daima hujificha kapasita ndogo isiyowekwa na fundi yeyote. Mmarekani John Miller alieleza mwaka 1920, akizungumzia valvu zilizofanya kazi hiyo zama zake, kwamba kapasita ya namna hiyo huongezeka kadiri ukuzaji unavyoongezeka, hivi kwamba pikofaradi 4 katika hatua (sehemu moja ya ukuzaji) inayokuza mara 100 huonekana kwenye mlango wa kuingilia kama pikofaradi 404, nazo huchelewa kujaa na kumwagika pale mitetemo inapokuwa ya kasi.

Katika kichipu cha amplifaya cha 741, kilichotolewa na Fairchild mwaka 1968, tabia hiyo ilitumiwa kwa makusudi: kapasita ya pikofaradi 30 iliwekwa ndani ili kichipu kisipige mluzi chenyewe, na kwa sababu hiyo ukuzaji ukizidishwa kwa upana wa masafa hupatikana takriban megahezi 1 sikuzote. Kikikuza mara 1,000 peke yake, mpaka wake ni kilohezi 1, na kwenye kilohezi 5, ambako ndiko iliko nguvu ya herufi «s», hubaki sehemu ya tano tu, hata «saa» ikaribie kusikika «faa».

Vichipu vitatu vilivyounganishwa mfululizo, kila kimoja kikiwa hatua inayokuza mara 10, hutoa mara 1,000 ileile, kila kimoja kikiwa na kilohezi 100. Hata hivyo, kwenye kilohezi 100 volti hushushwa hadi asilimia 71 mara tatu mfululizo, ikabaki asilimia 35, kwa hiyo mpaka wa pamoja hurudi hadi kilohezi 51, ambazo bado ni zaidi ya maradufu ya upeo wa sikio la binadamu. Kwa ukuzaji uleule, hatua 6 hufikisha takriban kilohezi 110, ilhali hatua 10 hufikisha 134 tu, na kelele ya hatua ya kwanza hukuzwa na zote zinazoifuata.