Ujenzi wa nyumba na misitu katika wilaya za Kasulu na Kibondo

Ujenzi wa nyumba katika wilaya za Kasulu na Kibondo, kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, magharibi mwa Tanzania, unategemea sana matofali ya udongo yanayochomwa kwa kuni. Tofali hilo huwapa wananchi nyumba imara, lakini hupunguza misitu na kuongeza dioksidi ya kaboni hewani. Kwa sababu hiyo sera ya makazi, sera ya misitu na ahadi za nchi kuhusu tabianchi hukutana, na wakati mwingine hupingana, kwenye ukuta wa nyumba ya kawaida ya kijijini.

Historia

Zamani nyumba za Waha, wenyeji wa eneo hili, zilijengwa kwa miti, udongo na nyasi. Mwaka 1972 ilianza Operesheni Kigoma, ambapo familia nyingi zilihamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Kaya zilizokuwa zimetawanyika ziliwekwa pamoja, na mahitaji ya miti ya kujengea na kuni yakaelekezwa kwenye misitu iliyo karibu na vijiji.

Baadaye tofali la kuchoma chini ya paa la bati lilienea likawa alama ya nyumba bora. Hata katika takwimu za taifa, tofali hilo huhesabiwa kati ya vifaa vya kisasa vya ukuta, tofauti na miti na udongo.

Wakimbizi kutoka Burundi na Kongo wameongeza mahitaji hayo. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996. Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015. Wakimbizi na wenyeji wote huhitaji kuni za kupikia na udongo wa kufyatulia matofali, tena kutoka maeneo yaleyale.

Tofali la kuchoma

Udongo wa mfinyanzi, au wa kichuguu, hukandwa kwa maji, hufyatuliwa kwa kibao na kuanikwa. Matofali yakikauka hupangwa kuwa tanuri lenye matundu ya kuingizia magogo. Nje tanuri hukandikwa udongo ili joto lisipotee, kisha huwashwa kwa siku kadhaa. Hata hivyo joto jingi hupotea, na matofali ya pembeni mara nyingi hubaki bila kuiva.

Karibu nusu ya uzito wa kuni kavu ni kaboni. Kwa hesabu ya kemia, kilo 1 ya kuni kavu ikiungua kabisa hutoa takribani kilo 1.8 za dioksidi ya kaboni. Miti ikiachwa ichipue tena, hunyonya gesi hiyo polepole. Msitu wa miombo ukigeuzwa shamba baada ya kukatwa, sehemu kubwa ya kaboni iliyotoka hairudi.

Tofali la kufungamana

Mwaka 1971 serikali ilianzisha kitengo cha utafiti wa ujenzi, ambacho mwaka 2001 kilikuwa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Kati ya teknolojia unazozieneza ni tofali la kufungamana. Udongo uliochekechwa huchanganywa na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha tofali hutunzwa kivulini na kumwagiwa maji hadi likomae. Halichomwi. Matofali huwa na vijino na vishimo vinavyoshikana, hivyo ukuta huhitaji udongo wa kuunganishia kidogo sana, au hauhitaji kabisa.

Tofali hili nalo lina kaboni yake. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma chokaa katika joto la takribani nyuzi 1,450 za Selsiasi, na chokaa yenyewe hutoa dioksidi ya kaboni inapovunjika. Faida iko kwenye kiasi: tofali la kilo 8 lenye saruji asilimia 7 hubeba gramu 560 tu za saruji, yaani mfuko wa kilo 50 hutosha matofali kama 89.

Sera na sheria

Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Makazi ya mwaka 2000 inahimiza matumizi ya vifaa vya ujenzi vinavyopatikana nchini. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inadhibiti uvunaji wa mazao ya misitu, kuni zikiwemo, na inaruhusu vijiji kutenga na kusimamia misitu yao. Mwaka 2018 Tanzania iliridhia Mkataba wa Paris, na mwaka 2021 iliahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo mwaka 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwepo bila hatua zozote.

Tatizo la gharama

Ugumu mkubwa ni nani analipa. Mwenye tanuri hutumia nguvu zake, udongo wa shamba lake na kuni ambazo mara nyingi hazinunui. Gharama huangukia msitu. Mwenye tofali la kufungamana hupaswa kutoa fedha taslimu kwa saruji na mashine. Viwanda vikubwa vya saruji viko mbali, katika mikoa kama Mbeya, Tanga, Dar es Salaam na Mtwara, na usafiri huongeza bei. Kwa hiyo kuzuia kuni bila kupunguza gharama ya tofali mbadala humwacha mwenye kipato kidogo bila nyumba imara.

Kuna njia za kati. Kikundi au kijiji kinaweza kumiliki mashine moja kwa pamoja. Kaya zinaweza kupanda miti ya kuni kabla ya kujenga. Sehemu nyingine za Tanzania hutumia pumba za mpunga kuchomea matofali. Tofali bichi nalo hudumu likiwekwa juu ya msingi wa mawe, likapigwa lipu na kufunikwa na paa lenye upenu mpana, kwa kuwa adui yake mkubwa ni maji ya mvua.